Jinsi ya Kuandaa Data Yako kwa Zama za Kompyuta za Kwantamu

Mtu akisikia kwamba kompyuta za kwantamu, yaani mashine zinazopiga hesabu kwa kutumia tabia za chembe ndogo mno, zitavunja usimbaji fiche unaoificha data ili isomwe na mwenye ufunguo pekee, jambo la kwanza analotaka kujua ni mwaka gani. Ni swali la haki, lakini si mahali pazuri pa kuanzia kazi, kwa sababu hakuna anayeweza kulijibu kwa tarehe, na atakayekaa akisubiri jibu atajikuta hajafanya lolote hadi muda umempita. Swali linaloweza kujibiwa leo ni hili: siri unazozituma na kuzihifadhi zinapaswa kubaki siri kwa miaka mingapi? Mwongozo huu umejengwa juu ya swali hilo. Umekusudiwa zaidi kwa anayesimamia mifumo ya taasisi, iwe ndogo au kubwa, ingawa mtu binafsi naye atapata sehemu yake kuelekea mwisho.

Sababu ya kuanzia hapo ni rahisi kuieleza. Anayenasa mawasiliano yaliyosimbwa halazimiki kuyasoma siku hiyohiyo. Anaweza kuyahifadhi jinsi yalivyo, kwa gharama inayozidi kushuka kila mwaka, akingoja siku atakapopata mashine ya kuyafungua. Wataalamu wa usalama huiita mbinu hii kuvuna sasa na kusimbua baadaye. Ikiwa ujumbe ulionaswa hauna thamani baada ya wiki moja, mvunaji amejisumbua bure. Ikiwa ni rekodi ya ugonjwa wa mtu, jina la mtoa taarifa anayelindwa, au mchoro wa mtambo utakaotumika kwa miaka 30, basi hasara imekwisha kutokea siku uliponaswa, ingawa matokeo yake yataonekana baadaye sana.

Kinachovunjika na kisichovunjika

Karibu kila mawasiliano salama kwenye intaneti hupita hatua mbili. Kwanza, pande mbili zisizowahi kukutana hukubaliana ufunguo wa siri kwa kutumia usimbaji wa ufunguo wa umma: mbinu ya Diffie-Hellman iliyochapishwa mwaka 1976, au RSA iliyobuniwa mwaka 1977, au jamaa zake za baadaye zinazotumia mikunjo ya duaradufu. Kisha ufunguo huo hutumiwa kusimba data yenyewe kwa algoriti ya ufunguo mmoja, ambayo siku hizi mara nyingi ni AES. Hatua ya kwanza inategemea hesabu zilizo rahisi kwenda mbele na ngumu mno kurudi nyuma. Kuzidisha namba tasa mbili kubwa ni kazi ya kufumba na kufumbua, ilhali kuzipata tena kutoka katika zao lake lenye tarakimu zaidi ya 600, kama ilivyo katika RSA ya biti 2048, ni kazi inayozishinda kompyuta zote za kawaida zilizopo.

Mwaka 1994 Peter Shor, aliyekuwa mtafiti wa Bell Labs, alionyesha kwamba kompyuta ya kwantamu yenye uwezo wa kutosha ingeweza kurudi nyuma kwa muda unaovumilika. Wengi huelezwa kwamba mashine hiyo hujaribu majibu yote kwa mara moja na kuchagua lililo sahihi. Sivyo. Algoriti ya Shor hutafuta mzunguko, yaani baada ya hatua ngapi mfululizo fulani wa hesabu huanza kujirudia, na mzunguko huo ukishajulikana, vigawo vya namba hupatikana kwa hesabu ya kawaida. Njia hiyohiyo huvunja Diffie-Hellman na mikunjo ya duaradufu. Kurefusha ufunguo wa RSA kutoka biti 2048 hadi 4096 kunamwongezea mshambuliaji kazi kidogo tu, kwa hiyo asiyetaka kubadilisha mfumo wake asijifariji kwa kurefusha funguo.

Kwa AES habari ni tofauti kabisa, na tofauti hii ndiyo itakayokuokolea muda na fedha. Algoriti ya Lov Grover ya mwaka 1996 hupunguza utafutaji wa ufunguo hadi kipeuo cha pili cha idadi ya awali: ufunguo wa biti 128, ambao ungehitaji majaribio kama 2^128, ungehitaji hatua kama 2^64. Hata hivyo hatua hizo sharti zifuatane moja baada ya nyingine, na kazi haigawanyiki vizuri kati ya mashine nyingi, hivyo tishio lenyewe ni dogo kuliko namba inavyoashiria. Anayetumia AES ya biti 256 hana sababu ya kuhangaika kwa ajili ya kwantamu. Vivyo hivyo kwa algoriti za heshi, zinazotoa alama fupi ya kuitambulisha data, kama SHA-256 na SHA-384.

Kwa kifupi, kufuli la data ni imara. Kinachotishiwa ni namna pande mbili zinavyokabidhiana ufunguo, pamoja na saini za kidijitali zinazothibitisha nani ni nani. Kazi yako yote iko katika sehemu hizo mbili.

Piga hesabu ya muda wako

Michele Mosca wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada alitoa kanuni ambayo kila taasisi inaweza kuitumia bila utaalamu wa fizikia. Chukua idadi ya miaka ambayo data yako inapaswa kubaki siri. Jumlisha na miaka utakayohitaji kubadilisha mifumo yako. Jumla hiyo ikizidi miaka iliyobaki hadi mashine ya kuvunja usimbaji itakapopatikana, tayari umechelewa kwa sehemu ya data hiyo.

Tuseme taasisi inatunza kumbukumbu za wagonjwa zinazopaswa kulindwa kwa miaka 25, na kubadilisha mifumo yake kutachukua miaka 6. Jumla ni miaka 31. Hakuna mtaalamu makini ambaye angeweka dhamana kwamba mashine hiyo haitapatikana kwa miaka 31 ijayo. Kwa upande mwingine, bei za bidhaa zinazobadilika kila siku, zinazotumwa kupitia mfumo utakaobadilishwa kwa miaka 2, hazihitaji haraka yoyote. Fanya hesabu hii kwa kila aina ya data, kwa sababu wastani wa taasisi nzima haukuambii kitu.

Ni wazi kwamba kipimo cha tatu ndicho kigumu, na inafaa kujua kimesogeaje. Mwaka 2019 Craig Gidney na Martin Ekerå walikadiria kwamba kuvunja RSA ya biti 2048 kungehitaji kyubiti (vipande vya msingi vya taarifa katika kompyuta ya kwantamu) milioni 20 zenye makosa ya kawaida, zikifanya kazi kwa saa 8. Mwezi Mei 2025 Gidney alitoa makadirio mapya: chini ya kyubiti milioni moja, kwa muda usiofika wiki moja. Katika kipindi hicho vifaa vyenyewe vimeendelea kwa mwendo wa pole. Chipu ya Condor ya IBM, iliyotangazwa mwaka 2023, ina kyubiti 1,121. Chipu ya Willow ya Google ya mwaka 2024 ina kyubiti 105 tu, lakini ilionyesha jambo zito kuliko wingi: kadiri watafiti walivyotumia kyubiti nyingi zaidi kulinda taarifa moja, ndivyo makosa yalivyopungua badala ya kuongezeka. Bila sifa hiyo mashine kubwa isingewezekana kabisa.

Pengo kati ya kyubiti elfu moja na milioni moja bado ni kubwa, na anayekutisha kwamba benki zote zitafunguka mwakani hakutendei haki. Lakini pengo hilo linapungua kutoka pande zote mbili, kwa sababu vifaa vinakua huku mahitaji yakishuka, na kushuka kwa mahitaji huja kwa ghafla, kwa njia ya makala moja ya kitaalamu. Kwa upangaji, ushauri wangu ni kuuchukua mwaka 2035 kuwa ukomo. Huo ndio mwaka ambao rasimu ya NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, iliyotolewa Novemba 2024, inapendekeza RSA na mikunjo ya duaradufu zisiruhusiwe tena baada yake, huku RSA ya biti 2048 ikiacha kupendekezwa baada ya 2030. Kituo cha usalama wa mtandao cha Uingereza, NCSC, nacho kimeweka ngazi tatu: kubaini mifumo yote ifikapo 2028, kuhamisha ile ya kipaumbele ifikapo 2031, na kumaliza ifikapo 2035.

Tengeneza orodha ya mahali usimbaji unapotumika

Hii ndiyo kazi inayochosha kuliko zote, na ndiyo inayoachwa nusu mara nyingi kuliko zote. Usimbaji haukai mahali pamoja. Umo kwenye tovuti, kwenye barua pepe, kwenye VPN, kwenye njia ambazo seva zako hutumia kuzungumza zenyewe kwa zenyewe, kwenye nakala rudufu, kwenye saini za masasisho ya programu, kwenye kadi za kufungulia milango na kwenye mashine ya zamani iliyo chumba cha nyuma ambayo hakuna anayekumbuka nani aliisanidi. Kwa kila kitu andika mambo matano: algoriti inayotumika na urefu wa ufunguo, data inayolindwa, miaka ambayo data hiyo inapaswa kubaki siri, nani mwenye uwezo wa kuubadilisha usimbaji huo, na kama data hupita katika mtandao ambao mtu wa nje anaweza kuusikiliza.

Jambo la tano husahaulika, ilhali ndilo linalopanga vipaumbele. Mvunaji hanasi asichokifikia. Diski iliyosimbwa na isiyotoka nje ya chumba chako haiko katika hatari ileile na ujumbe unaovuka nchi tatu kabla ya kufika.

Katika orodha hiyo, tafuta kwa makini mambo mawili. La kwanza ni seva zinazokubali bado kubadilishana funguo kwa RSA moja kwa moja, jambo linaloruhusiwa na TLS, itifaki inayolinda mawasiliano ya tovuti, katika toleo la 1.2 na yaliyotangulia. Katika mpangilio huo ufunguo mmoja wa seva hulinda mazungumzo yote, kwa hiyo ukivunjwa mara moja tu, rekodi zote zilizonaswa kwa kipindi chote cha matumizi ya ufunguo huo hufunguka kwa pamoja. TLS 1.3, iliyokamilishwa mwaka 2018, iliondoa njia hiyo na kulazimisha kila mazungumzo yawe na ufunguo wake. Hilo halizuii kompyuta ya kwantamu, lakini humlazimisha mshambuliaji kuirudia kazi ghali kwa kila mazungumzo anayotaka kuyasoma. Kuzima njia ya zamani ni badiliko la mstari mmoja katika usanidi, halihitaji algoriti mpya, na kama bado hujalifanya, lifanye wiki hii.

La pili ni barua pepe na mafaili yaliyosimbwa kwa ufunguo wa umma unaodumu kwa miaka mingi, kama watumiaji wa PGP wafanyavyo. Hapa tena ufunguo mmoja hubeba barua za miaka kumi. Walioutumia walikuwa watu waangalifu, wenye siri za kweli, na inaniuma kusema kwamba hao ndio walio katika hali mbaya kuliko watu wa kawaida waliotuma ujumbe kwa programu za simu zinazobadilisha funguo kila mara.

Futa kabla ya kusimba upya

Kabla ya kufikiria algoriti mpya, pitia data yenyewe. Data isiyokuwapo haivunjwi. Taasisi nyingi hushikilia nakala za vitambulisho, maombi ya kazi yaliyokataliwa na kumbukumbu za wateja waliokwisha kuondoka, zikizituma kila usiku kwenye hifadhi ya mbali kwa sababu tu hakuna aliyeamua vinginevyo. Kila nakala ya namna hiyo inayosafiri ni mavuno ya bure. Weka muda wa mwisho wa kutunza kila aina ya data, ufuate, na hakikisha ufutaji unafika hadi kwenye nakala rudufu. Hatua hii ina faida hata kama kompyuta ya kwantamu isingejengwa kamwe.

Badilisha kwanza njia ya kukubaliana ufunguo

Mwaka 2016 NIST iliwaalika watafiti wa dunia nzima kuleta algoriti zinazoweza kuhimili kompyuta za kwantamu. Baada ya miaka ya kuzishambulia hadharani, viwango vitatu vya kwanza vilichapishwa tarehe 13 Agosti 2024. ML-KEM ni ya kukubaliana ufunguo. ML-DSA na SLH-DSA ni za saini. Mbili za kwanza zinategemea ugumu wa kutafuta nukta iliyo karibu katika wavu wa nukta wenye vipimo mamia, tatizo ambalo hakuna njia ya haraka inayojulikana ya kulitatua, iwe kwa kompyuta ya kawaida au ya kwantamu. Ya tatu inategemea heshi peke yake. Mwezi Machi 2025 iliteuliwa pia HQC, iliyojengwa juu ya hesabu za aina nyingine, ili iwe akiba endapo ML-KEM itaonekana kuwa na kasoro.

Algoriti hizi zinatekelezwa kwenye kompyuta na simu za kawaida. Ninasisitiza hili kwa sababu watu wengi hudhani kwamba kujikinga na kwantamu kunahitaji vifaa vya kwantamu, na kuna wauzaji wanaofurahia dhana hiyo ibaki. Mfumo wa kusambaza funguo kwa chembe za mwanga, unaouzwa kama suluhisho, unahitaji vifaa maalumu na hauthibitishi wenyewe kwamba unayezungumza naye ndiye. NSA, shirika la ujasusi wa mawasiliano la Marekani, na NCSC ya Uingereza zote hazipendekezi utegemewe katika kulinda mifumo ya serikali. Taasisi yenye bajeti ya kawaida iuweke kando na kuendelea na masasisho ya programu.

Anza na kukubaliana ufunguo, kwa sababu ndiko mvunaji anakofaidika leo. Tumia mpangilio mseto, unaochanganya algoriti ya zamani na mpya ili mshambuliaji alazimike kuvunja zote mbili. Mseto huu si uoga. Mwaka 2022 algoriti iliyoitwa SIKE, iliyokuwa imefika raundi ya nne ya mchujo wa NIST, ilivunjwa na Wouter Castryck na Thomas Decru wa chuo kikuu cha KU Leuven kwa kompyuta ya kawaida, kwa muda wa kama saa moja. Aliyekuwa akiitumia peke yake angepoteza kila kitu; aliyeichanganya na mkunjo wa duaradufu angebaki na ulinzi uleule wa zamani.

Kwa upande wa tovuti, mseto unaotumika sana sasa huitwa X25519MLKEM768, yaani mkunjo wa duaradufu wa X25519 pamoja na ML-KEM. Unahitaji TLS 1.3, na OpenSSL, maktaba ya programu ambayo seva nyingi huitumia kwa usimbaji, inauunga mkono kuanzia toleo 3.5 la Aprili 2025. Kivinjari cha Chrome kilianza kutumia mseto wa aina hii kwa wote mwaka 2024. Ukishasasisha seva, ijaribu kwa amri ya openssl s_client ukitaja mseto huo kwa jina, au fungua tovuti yako kwa kivinjari kipya na usome taarifa za usalama wa muunganisho. Jina la mseto likionekana, kazi imefanyika. Likionekana X25519 peke yake, kuna kitu katikati, mara nyingi kisambaza mzigo au huduma ya ulinzi wa tovuti, ambacho hakijasasishwa.

Kwa seva zinazosimamiwa kutoka mbali kwa itifaki ya SSH, kazi ni nyepesi zaidi. OpenSSH iliweka mseto wa kuhimili kwantamu kuwa chaguo la kwanza tangu toleo 9.0 la Aprili 2022, na toleo 10.0 la Aprili 2025 likaufanya mlkem768x25519-sha256 kuwa chaguo hilo. Amri ya ssh -Q kex itakuonyesha kile ambacho mashine yako inakijua, na ssh -v, ukiungana na seva, itakuonyesha kile kilichokubaliwa kweli. Tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo inayofichua seva zilizosahaulika.

Gharama kubwa ya ML-KEM ni ukubwa wa ujumbe, kwani kwa kasi haina tatizo. Ufunguo wa umma wa X25519 ni baiti 32, lakini ule wa ML-KEM-768 ni baiti 1,184, na jibu lake ni baiti 1,088. Ujumbe wa kwanza wa TLS, ambao zamani uliingia katika pakiti moja, sasa hugawanyika mara mbili, na baadhi ya vifaa vya zamani vya mtandao, vilivyoandikwa kwa dhana kwamba ujumbe huo hauzidi pakiti moja, huukata muunganisho bila maelezo. Kwa hiyo jaribu kwanza kwa kundi dogo la watumiaji, hasa walio nyuma ya kuta za moto za taasisi nyingine, kabla ya kuwasha kwa wote.

Data iliyohifadhiwa

Faili lililosimbwa kwa AES-256 kwa ufunguo uliotokana na nenosiri refu halihitaji chochote. Lakini mifumo mingi ya nakala rudufu na ya wingu husimba data kwa AES, kisha huufunga ufunguo wa AES kwa RSA. Ukisoma tangazo utaona AES-256 tu. Uliza ufunguo wenyewe umefungwa kwa nini. Hilo ndilo jibu lenye maana. Ikiwa ni kwa RSA, panga kusimba upya kwa ufunguo mpya uliofungwa kwa ML-KEM au kwa ufunguo mmoja wa siri uliotunzwa ndani ya kifaa cha usalama, na uharibu nakala za zamani. Ufahamu pia mpaka wa hatua hii: nakala iliyokwisha kuibwa haitasimbwa upya na yeyote. Ikiwa unajua kwamba hifadhi yako iliwahi kuvuja ikiwa imesimbwa, ichukulie kuwa siku moja itasomeka, na anza kubadilisha vilivyomo vinavyoweza kubadilishwa, yaani maneno ya siri, funguo na namba za akaunti.

Saini zinaweza kusubiri, isipokuwa chache

Saini ya kidijitali haivunwi. Anayeweza kughushi saini mwaka 2036 hawezi kurudi nyuma na kujifanya seva yako katika mazungumzo ya leo. Ndiyo maana vyeti vya tovuti, ambavyo hubadilishwa mara kwa mara, si kipaumbele cha kwanza, na ni vizuri kwamba iwe hivyo, kwa sababu saini mpya ni nzito: saini ya Ed25519, iliyo ya aina ya zamani, ni baiti 64, ya ML-DSA-65 ni baiti 3,309, na ndogo kabisa katika viwango vya SLH-DSA ni baiti 7,856. Muunganisho mmoja wa tovuti hubeba saini kadhaa, hivyo mzigo huo unahisiwa.

Kuna mahali pawili ambapo kusubiri ni hatari. Pa kwanza ni vifaa vinavyodumu. Mita, gari, kifaa cha hospitali au mtambo wa kiwanda huthibitisha masasisho ya programu zake kwa ufunguo uliochomwa ndani yake kiwandani. Kifaa kinachonunuliwa leo kwa matumizi ya miaka 20, chenye ufunguo wa RSA usiobadilishika, kitakuwa kazini siku ambapo mtu ataweza kukitengenezea sasisho la uongo likapokewa kama la kweli. Kwa kazi hii zipo saini za heshi za LMS na XMSS, ambazo NIST iliziruhusu tangu mwaka 2020. Zina sharti moja lisilosamehe: kila ufunguo mdogo ndani yake hutumika mara moja tu, na ukirudiwa, kwa mfano baada ya kurejesha mfumo kutoka kwenye nakala rudufu, usalama wake huporomoka. Zitumike na mtu mwenye uwezo wa kutunza hesabu hiyo. Asiye nao achague ML-DSA au SLH-DSA.

Pa pili ni hati zinazotakiwa kuaminika kwa miongo kadhaa, kama mikataba na hati za umiliki. Hapo hatari ni kwamba siku za usoni mtu atatengeneza hati ya leo ambayo haikuwahi kuwapo. Kinga ni kuzipigia hati zako muhuri wa muda unaolindwa kwa algoriti mpya, mapema, wakati saini ya zamani bado inaaminika.

Kwa wauzaji na watoa huduma

Sehemu kubwa ya usimbaji wako haiko mikononi mwako. Imo ndani ya programu ulizonunua. Kwa hiyo mwandikie kila mtoa huduma, kwa maandishi, umuulize: bidhaa yenu inatumia algoriti gani kukubaliana ufunguo na kutia saini; ni toleo lipi na mwaka gani litatumia ML-KEM na ML-DSA; je, algoriti inaweza kubadilishwa kwa usanidi au ni lazima kununua kifaa kipya? Jibu linalosema tu kwamba bidhaa ni salama dhidi ya kwantamu, bila kutaja kiwango kwa jina, halijajibu kitu. Anayejivunia algoriti yake ya siri aliyoibuni mwenyewe mwogope zaidi kuliko yule anayekiri kwamba bado hajaanza, kwa sababu nguvu ya algoriti hizi imetokana na kushambuliwa hadharani kwa miaka na watu waliotamani kuzivunja.

Katika manunuzi mapya, liweke swali la tatu ndani ya mkataba. Uwezo wa kubadilisha algoriti bila kubomoa mfumo ni wa thamani kuliko algoriti yoyote moja, kwani hakuna anayeweza kuahidi kwamba ML-KEM haitapatikana na kasoro.

Kwa mtu binafsi

Kazi ya mtu binafsi ni ndogo, nayo ni kusasisha. Signal ilianza kutumia mseto wa kuhimili kwantamu mwezi Septemba 2023, na iMessage ya Apple ilifuata mwaka 2024. Ulinzi huo hufanya kazi pale tu pande zote mbili zinapokuwa na matoleo mapya, kwa hiyo unayemtumia siri naye anapaswa kusasisha simu yake. Kwa maneno ya siri, wizi wa kawaida na ulaghai bado ni tishio kubwa mara nyingi zaidi kuliko kwantamu; nenosiri refu lisilorudiwa na uthibitisho wa hatua mbili ndivyo vinavyokufaa leo.

Kwa taasisi, panga kurudia vipimo vya TLS na SSH kila baada ya sasisho kubwa la mfumo, kwa sababu usanidi wa zamani unaweza kurejeshwa bila mtu kugundua, na andika matokeo kwenye orodha yako pamoja na tarehe na jina la aliyepima. Pale ambapo mseto hauwezekani bado, andika sababu, taja mtoa huduma anayesubiriwa, na weka mwaka ambao kifaa hicho kitaondolewa kama jibu halijapatikana.